Mukaba wa Chokaa

Walisema yule ajenti wa ijieni, ofisi ya usafi wa mji, kijana wa Mama Anatole, hanywi hata tone moja la maji ya visima anavyovipaka chokaa. Walisema anatembea na chupa yake mwenyewe ndani ya mfuko wa kazi, ameiviringisha katika kitambaa kama mtu anayeficha pombe, na akimaliza kupaka anakwenda nyuma ya ukuta, anakunywa ya kwake, anajifuta mdomo, kisha anarudi kuwaambia wamama: "Tayari, choteni."

Mama Anatole njo mimi.

Neno hilo nililisikia kwa Florentine, anayeuza mikebuka karibu na bandari. Florentine hawezi kukupimia samaki bila kukupimia na habari za watu, na habari anakupa nyingi kuliko samaki. Nilimjibu kwamba wenye wivu hawakosi, nikaondoka. Lakini nilipokuwa ninasonga bukari nililisikia tena. Nilipokuwa ninafua nililisikia. Jumapili kanisani, padri alipotunyunyizia maji, nikajikuta ninaifikiria ile chupa.

Ninaandika haya kwa ajili ya wamama wenye vijana wanaotafuta kazi ya biro, ya ofisini. Mimi nilisoma miaka mitano tu kwa masista, kwa hiyo mwandiko wangu msiucheke. Wa kuchekwa wako wengine humu ndani, wanatosha.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Wakati wa Wabelgiji alikuwako Mzungu wa ijieni. Alikuwa mtu wa dharau. Aliingia nyumbani mwako bila hodi, akafunua mitungi yako, akiona viluwiluwi vya mbu anamwaga maji yote, akachungulia na chooni mwako kwa tochi, mchana kweupe. Tulimchukia, na mimi nilimchukia kuliko wengine. Lakini nitasema kweli: yule mtu alikuwa anainama. Akisema amekagua choo, magoti yake yalikuwa na udongo.

Mwaka wa sitini akaondoka pamoja na wenzake, na kiti chake kikamfikia Déogratias. Huyu Déogratias alikuwa mbeba pompi. Alitembea nyuma ya Mzungu na pipa la dawa ya mbu mgongoni, na kazi ile aliifanya vizuri, simnyimi haki yake. Siku alipopata kiti ndipo mgongo ulipoanza kumuuma. Mgongo uliobeba pompi miaka kumi na mbili haukuweza tena kuinama hata kuokota kalamu. Kofia ya Mzungu, ile ngumu nyeupe, ilikuwa imebaki kwenye msumari, akaivaa. Ilikuwa pana, ilimshukia mpaka kwenye nyusi, kwa hiyo akitaka kukutazama ilimbidi anyanyue kidevu. Watu wakadhani ni ukubwa. Ilikuwa kofia tu.

Mwanangu Anatole aliingia pale mwezi wa kumi wa 1962, amesomea kazi mwaka mzima, anajua majina ya wadudu kwa Kifaransa. Wakampa shati la kaki, mfuko na rejista, wakampa na visima vya kartye ya chini, mtaa wa karibu na ziwa. Mimi nilitembea mji mzima. Hata watu ambao hawakuniuliza niliwaambia.

Kazi ya visima ilikuwa hivi. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ajenti anakuja na kopo la dawa, unga mweupe wenye harufu kali ya kuchoma pua. Anaukoroga ndani ya ndoo, anaumimina kisimani, anawakataza wamama kuchota mpaka kesho yake. Akimaliza anachukua brashi na chokaa, anapaka mviringo kwenye ukingo wa kisima, ili kila mtu ajue kwamba hiki kimetiwa dawa. Mviringo huo wamama waliuita mukaba, kwa sababu kisima kilionekana kama mtu aliyejifunga mshipi. Mukaba ukififia, tulikwenda kuchota kwingine. Na maji ya wakati ule, kabla ya Anatole, yalikuwa na ladha ya dawa siku mbili, siku tatu. Chai ilinuka, maharagwe yalinuka. Tulitukana sana.

Halafu ziwa likapanda. Kila aliyekuwa hapa mjini miaka ile anakumbuka. Lilikula mchanga, likala mihogo ya watu, na kule chini maji yakaanza kutokea ndani ya vyoo, yanapanda kutoka chini, yanachungulia. Choo na kisima vilikuwa vimeachana hatua ishirini tu. Mtu yeyote mwenye akili angejua ni nini kinatembea katikati yao chini ya ardhi.

Sisi hatukuuliza. Sisi tulikuwa tunasifu. Maana tangu Anatole ashike kazi, maji ya kartye ya chini yalikuwa matamu. Hakuna harufu, hakuna kutapika chai. Wamama walinisimamisha njiani: "Mama Anatole, mwanako ni muntu wa maana! Bale Bazungu walikuwa wanatutesa bure na dawa yao ya kunuka. Ya Anatole haina hata ladha." Wakaniletea ndakala, wale samaki wadogo, wakavu. Mmoja aliniletea kuku. Nikapokea. Nikala, nikanyonya na mifupa.

Sasa njooni kwa Salama.

Salama ni wa wale Waislamu wa zamani wa ziwani, baba yake alikuwa anavuka kwenda Kigoma na samli na chumvi. Nyumba yake inatazamana na kisima kimoja cha kule chini. Ana binti mmoja, Mosi, wa miaka minne, mtoto anayeimba kutwa nzima mpaka unataka kumziba mdomo. Alhamisi moja nikaenda kumsalimu, nikakuta Mosi amelala juu ya mkeka, haimbi. Anaendesha tumbo, na kuna damu. Salama alikuwa amempakata kichwa, anamnywesha kitu cheupe kwa kijiko kutoka katika bakuli.

"Karibu, Mama Anatole. Tuko tunapigana na tumbo hapa."

"Unamupa nini?"

"Dawa ya mwanako." Akacheka kidogo. "Nimekwangua kwa mukaba. Kama inasafisha kisima kizima, tumbo la mutoto litaishinda?"

"Nani alikufundisha?"

"Nani anifundishe? Wote tunafanya. Mama wa nyumba ya nyuma njo alianza, kitoto chake nacho kinaendesha tangu juzi."

Nikachukua lile bakuli. Nikanusa. Nikanusa tena, pua ikagusa maji. Nikatia ulimi. Ilikuwa ladha ya ukuta. Ukuta mtupu.

Pale pale nikaelewa, na sikuhitaji majina ya wadudu kwa Kifaransa. Dawa ambayo haikunuka haikuwako. Miezi minne tulikuwa tunasifu ladha ya maji yasiyo na dawa, na mimi nilikula kuku juu yake.

"Salama, acha kumupa hii. Na maji uchemshe."

"Nichemshe maji yenye mukaba? Kuni unanipa weye?"

"Chemsha tu."

"Mwanako mwenyewe alisimama hapa akasema ni safi. Ao leo unajua kuliko yeye?"

Wamama, hapa ndipo ninapojidharau. Nilikuwa na maneno mdomoni na nikayameza, kwa sababu jina langu ni jina lake. Nikasema tena "chemsha tu", kama mtu mwenye haraka, nikamwomba maji ya kisima katika kijagi, nikaondoka. Mosi alinitazama mpaka mlangoni.

Saa sita Anatole akaja kula. Nilimwekea bukari, sombe na mikebuka. Karibu na mkono wake nikaweka kikombe.

"Kunywa kwanza, jua ni kali."

Akakishika. Akauliza kama ni maji ya bomba: "Ni ya robine?"

"Ni ya kisima chako. Kile cha mbele ya Salama. Kitamu sana, wote wanasema."

Akakiweka chini, polepole, kama kimejaa mpaka juu. Hakikuwa kimejaa.

"Kunywa, mwanangu."

"Sina kiu, mama."

"Basi onja. Mimi nimeonja chokaa yako leo, weye onja maji."

Akanyamaza. Mtoto uliyemzaa unamjua akinyamaza: huyu alikuwa anatafuta Kifaransa. Mwishoni akasema, "Dawa haiko, mama. Tangu mwezi wa kumi makopo yaliisha. Tuliandika, hawajibu. Gari la moshi linakuja tupu."

"Na chokaa?"

"Chokaa iko."

"Kwa hiyo mulipaka chokaa."

"Shefu alisema mukaba usikosekane. Bantu wakiuona wanatulia. Na rapoti inaomba visima vilivyofanyiwa kazi, vyote vijazwe." Akaongeza, bila kunitazama, "Chokaa nayo si mbaya kabisa. Inasaidia kidogo."

"Inasaidia nani?"

Shati lake lilikuwa limenyooka vizuri sana. Nikamwambia Mosi anaendesha damu. Nikamwambia wanawanywesha watoto ule unga wa ukutani. Hapo rangi ilimtoka usoni, hilo nalikubali. Hakujua kwamba wanakwangua. Lakini la kwanza lililomtoka mdomoni lilikuwa: "Nikisema, shefu atanifukuza."

Mwaka mzima wa shule, wamama. Mwaka mzima wa shule ulizaa neno hilo.

Kesho yake, Ijumaa, nikaenda biro mwenyewe. Anatole alikuwa kwenye meza yake pembeni, akajifanya anatafuta karatasi. Déogratias alikuwa amekaa chini ya karta ya mji, na kila kisima kwenye karta kina alama nyekundu ya kuonyesha kimetiwa dawa. Alama nzuri, zimepigwa kwa rula.

"Mama Anatole! Karibu. Mutoto wako ni kijana mwema, anasikia."

"Njo shida yake. Shefu, kisima cha mbele ya Salama hakina dawa."

Akanyanyua kidevu, kofia ilidai. "Nani amesema?"

"Ulimi wangu."

"Mama, ulifika darasa la ngapi?"

"La tano."

"Basi." Akafungua rejista, akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa imeandikwa. Kisima kimetibiwa, tarehe hii. Unaona?"

"Ninaona. Lakini Mosi hajui kusoma, shefu. Tumbo lake halijui imeandikwa nini."

Karani mmoja alicheka, kisha akakohoa. Déogratias akafunga rejista. Sasa akaongea nami kwa sauti ya chini, sauti ya watu wakubwa wanaokupa siri ili unyamaze. Akasema nikiwaambia watu, wataogopa. Wakiogopa watachota ziwani. Ziwani ni kubaya zaidi. Na hapo lawama itakuwa ya nani? Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli, na njo ubaya wa watu wa namna ile: wanajua kweli nusu, wanaikalia kama kiti.

"Kwa nini musiwaambie wachemshe?" nikauliza. "Kuchemsha hakuombi gari la moshi."

"Tukiwaambia wachemshe watauliza sababu."

Alilisema hivyo, bila haya, kama ninavyoliandika. Yaani watoto waendelee kuendesha damu, ili mtu mmoja asiulizwe swali. Nikamtazama yule mtu, nikatazama magoti yake. Suruali nyeupe, imepigwa pasi. Nikamtazama na wangu pale pembeni. Yake nayo ilikuwa safi.

Jumamosi nikashuka kisimani na kisu cha jikoni, nikaanza kukwangua mukaba mimi mwenyewe. Nikasema kila kitu: dawa hakuna, kunywa hapana, chemsheni. Sasa nilikuwa tayari kusema. Nilichelewa siku mbili tu, kumbe siku mbili zinatosha.

Wamama walinizunguka na ndoo zao.

"Angalia huyu! Anaharibia mutoto wake kazi!"

"Mwanako ni ajenti, weye ni ajenti wa nini? Wa sufuria?"

"Tulikupa kuku, sasa umeshiba njo unatukana maji yetu!"

"Maji ni matamu," akasema mzee mmoja wa kike, akachota mbele yangu, akanywa kata nzima akinitazama. "Ona. Nimekufa?"

Wakanicheka. Wakaninyang'anya kisu. Nao niliwadharau, siwafichi. Lakini ni mimi niliyewafundisha kumwamini Anatole, mtaa kwa mtaa, kwa mdomo wangu huu. Mtu mmoja hakucheka: Salama, kwenye mlango wake, Mosi mgongoni. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayehesabu siku.

Jumapili kitoto cha nyumba ya nyuma kilizikwa. Hata jina lake watu hawakuwa wamelizoea.

Jumatatu ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Anatole akaja na brashi na ndoo ya chokaa. Ndiyo. Baada ya yote yale, alikuja na brashi. Nilikuwa pale, sikumsalimu. Alikuta nilipokwangua, akachuchumaa apake upya, na wamama wakafurahi, wakaanza kumpigia vigelegele ili mimi nisikie.

Salama akatoka ndani. Mosi mgongoni amekuwa mwepesi, kichwa kinaning'inia begani. Akasimama mbele ya brashi.

"Anatole, mwanangu."

"Ndiyo, Mama Mosi."

"Mama yako anasema ndani humu hamna dawa. Weye unapaka. Mumoja wenu ni muongo. Ninataka kujua ni nani, nimupe huyu maji gani."

Vigelegele vikakoma. Hakumpigia kelele, hakumtukana. Aligeuka kidogo tu, ili amwone mtoto. Anatole akatazama brashi, akanitazama mimi, na nikajua anaomba nimtoe pale, kama alipokuwa mdogo amevunja sahani ya watu. Sikumtoa.

"Mama hasemi uongo," akasema.

"Sema vizuri, wasikie."

"Hamna dawa. Tangu mwezi wa kumi. Musinywe. Mupelekeni hospitali, leo, sasa hivi." Akaiweka brashi chini. "Choo kinaingia humu. Chemsheni hata ya kuogea watoto."

Mama wa nyumba ya nyuma alikuwa kati yao. Aliinua ile ndoo ya chokaa, akammwagia yote, kutoka kichwani mpaka viatuni. Hakuna aliyemzuia. Mimi pia sikumzuia. Kisha Anatole, hivyo hivyo akidondoka, macho mekundu, akachukua kipande cha bati, akaukwangua mukaba wote, akipiga magoti kuzunguka kisima. Ilichukua mpaka saa nane. Wamama walisimama kumtazama, hakuna aliyemsaidia, na maneno aliyoambiwa siwezi kuyaandika. Nilipomwona mara ya kwanza na udongo magotini, sikuona fahari. Niliona kwamba hiyo njo ilikuwa kazi tangu mwanzo.

Mosi alikaa hospitali siku kumi na moja. Alipona. Watu wakisema Anatole alimwokoa ninawaambia wanyamaze: aliyemwokoa ni mama yake, kwa kuuliza swali lile ambalo biro nzima ilikuwa inalikimbia. Salama ananisalimu. Tunaulizana habari za nyumbani. Lakini nikimpelekea chakula, anamwita mtoto wa jirani aonje kwanza. Hapana, hata hilo ni uongo wangu wa kujihurumia. Anakipokea, anashukuru, na sahani inarudi ikiwa imeoshwa, na sijui kama walikula.

Anatole alipelekwa Nyunzu, mbali na ziwa, kubeba pompi. Aliniandikia kwamba pipa linamchubua mabega. Nikamjibu kwamba mabega yanapona.

Na Déogratias? Aliandika rapoti kwamba kisima cha hatari kimegunduliwa na kufungwa kwa sababu ya macho makali ya shefu wa ijieni. Walimpongeza kwa barua. Ameibandika ukutani, chini ya karta. Alama ya kile kisima bado ni nyekundu, bado nzuri.

Kwa hiyo, wamama, haya njo ya kuepuka:

Usiamini kisima kwa sababu ya rangi iliyo nje yake. Uliza dawa ilitiwa siku gani, na nani aliona ikitiwa.

Usifurahi dawa ikikosa harufu.

Usimpe mtoto chokaa, hata kidogo, hata kwa kijiko.

Usichote kisima kilicho karibu na choo wakati ziwa limepanda.

Usipokee kuku kwa ajili ya kazi ya mtoto wako.

Usimsifu ajenti ambaye hujamwona akiinama.

Ukijua jambo Alhamisi, usingoje Jumamosi kulisema.

Usimpe mtoto anayeendesha maji ambayo hayajachemka. Kuni zikikosekana, omba kwa jirani. Akikunyima, njoo kwangu.